Maharage yanayopoa usiku kucha

Swali: Nyumba yetu ya wazee hapa Mbarara ina wakazi 30. Maharage tunapika jioni, sufuria inalala jikoni ipoe, alfajiri yanaingia friji. Tarehe tunaiandika kwenye plasta lakini inabanduka. Tunakosea wapi?

Jibu: Plasta ni jambo dogo. Hatari iko kwenye ule usiku. Sufuria ya lita 20 hupoa pembeni tu, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Spora (mbegu ngumu) za bakteria Clostridium perfringens haziuawi na kuchemka, na kwenye nyuzi 43 hadi 47 bakteria hao huongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Kijana ataharisha siku moja apone. Mzee anaweza kufa kwa kuishiwa maji.

Yakiiva, yagawe kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5. Zitie trei kwenye karai la maji baridi, ukoroge. Yashuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Saa 2 zikiisha bado hayajafika 21, yapashe mara moja hadi 74 na uanze kupoza upya. Wali uliolala nje umwage tu: sumu ya bakteria Bacillus cereus haiondoki kwa kupasha.

Kipimajoto kijaribu kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo, kisome 0. Usikijaribu kwa maji yanayochemka. Mbarara iko mita 1,400 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 95, nawe utadhani kifaa kimeharibika.

Sasa lebo. Ibandike kwenye chombo kikavu kabla hakijaingia friji, kwani umande ndio unaoibandua, na iwe ubavuni, mifuniko hubadilishana. Andika chakula, siku na saa kilipopikwa, siku ya mwisho, na herufi za mwanzo za jina la aliyepika. Kwa wazee nashauri siku 3, ya kupikia ikiwemo. Kwenye saa ndipo wengi huteleza: "2:00" mmoja ataisoma saa mbili usiku, mwingine saa nane mchana. Andikeni "saa 2 usiku", wote kwa mtindo huo huo.

Umeme ukikatika, andika saa hiyo mlangoni na usifungue. Friji iliyofungwa hushika baridi saa 4 hivi. Zikipita, maharage, nyama na maziwa yatupwe, hata kama hayajanuka.