Wanapiga makofi, lakini shambani wanafanya kinyume

Swali: Mimi ni afisa ugani wa kata. Nililipia semina ya kuzungumza mbele ya watu, tukafundishwa kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti asilimia 38 na lugha ya mwili asilimia 55. Nimerekebisha mikono, tabasamu na namna ya kusimama, na wakulima wananipigia makofi. Lakini nikipita mashambani nakuta mbegu za mahindi zimelala juu ya mbolea na nafasi za mashimo ni za kubahatisha. Nirekebishe nini tena kwenye lugha ya mwili?

Jibu: Mwili wako uache ulivyo. Kilichopotea ni maneno, na yamepotea kwa sababu ulifundishwa kuyadharau.

Hizo 7, 38 na 55 naletewa mara kwa mara na walimu, wauguzi na wasimamizi wa mafundi, na kila aliyezileta alizinunua kwa fedha yake. Zilitokana na tafiti mbili za mwaka 1967 za mwanasaikolojia Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika utafiti mmoja watu walisikilizishwa neno moja moja, likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki. Katika mwingine, neno moja tu lilitamkwa kwa sauti tofauti huku wakionyeshwa picha za nyuso. Waliulizwa msemaji ana hisia gani, basi. Hakuna aliyeelekezwa kazi wala kutakiwa kukumbuka kipimo, na mikono haikupimwa kabisa. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba namba zake zinahusu hisia na mtazamo wa msemaji tu.

Kwa hiyo makofi unayopata ni ya kweli: wakulima wameona unajiamini na unawajali. Tabasamu linaweza kubeba hilo. Haliwezi kubeba nafasi ya mashimo, sentimita 75 kwa 30.

Sasa tazama maelekezo yako yanapokatikia. Katika Kiswahili idadi hufuata jina: kisoda kimoja, mbegu moja, sentimita 30. Maana yake kipimo huangukia mwisho wa sentensi, pale pale pumzi inapoisha na sauti kushuka. Waliokaa nyuma chini ya mwembe wanasikia "kati ya shimo na shimo sentimita..." na kilichobaki kinachukuliwa na upepo. Vuta pumzi kabla ya namba, si baada yake. Itamke kwa nguvu ile ile uliyoanzia sentensi, nyamaza sekunde 2 au 3, kisha irudie. Halafu inua kijiti ulichokikata kwa urefu huo. Hapo ndipo mkono una kazi, kuonyesha kitu ambacho mdomo umeshakitaja.

Makatazo ni hatari zaidi. Ukisema "msiweke mbegu juu ya mbolea" na silabi ile ya kukanusha ikamezwa na kelele za watoto, mkulima amesikia "mweke mbegu juu ya mbolea", na ndivyo atakavyofanya. Geuza iwe amri ya kutenda, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: chimba shimo, weka kisoda kimoja cha mbolea ya DAP, funika kwa udongo kidogo, weka mbegu, fukia. Kisha toa sababu kwa sentensi moja, kwamba mbolea ikigusa mbegu inaiunguza isiote. Aliyeelewa sababu anaweza kujirekebisha hata akisahau hatua.

Upepo uwe mgongoni kwako ili upeleke sauti kwa wasikilizaji, na jua lisiwapige wao machoni.

Na acha kuuliza "tumeelewana?" Watajibu "ndiyooo" kwa heshima tu, na wewe utaondoka bila kujua lolote. Mpe jembe mmoja wa waliokaa nyuma, achimbe mashimo 2 na kuyajaza huku akieleza anachofanya. Akikosea, lawama ni ya maelezo yako. Mwambie hivyo mbele ya wenzake ili asiaibike, eleza upya kwa maneno mengine, kisha mpe jembe mtu mwingine. Hii inakula dakika 10, na ndiyo sehemu ya mkutano ambayo haipaswi kukatwa hata mvua ikitishia.

Linaloniudhi ni kwamba somo hili la asilimia linauzwa pia kwa watu ambao kosa lao haliishii kwenye mahindi. Muuguzi anayemweleza mama vidonge vya mtoto, au msimamizi anayemweleza kibarua ni swichi ipi izimwe kabla ya kugusa nyaya, akiaminishwa kwamba maneno ni asilimia 7, ataacha kuyachagua. Anayeuza namba hizo ama hajui zilipimwaje, ama anajua na ananyamaza kwa kuwa mikao na tabasamu hufundishika kwa siku moja na hupendeza kwenye picha. Kupanga maelezo hakufundishiki hivyo. Kabla hujalipia semina nyingine, uliza kama utazungumza na kurekodiwa, na kama atakuwepo msikilizaji asiyeijua kazi yako atakayetakiwa kuifanya kwa maelezo yako peke yake. Ukijibiwa kuhusu cheti na chakula cha mchana, usilipe.