Maswali yenu ya wiki: mikutano ya afya ya kartie (mtaa)

Miye ni kiziwi, nashona nguo Katindo, hapa Goma. Reko, wale wahamasishaji wa afya wa mtaa, wanapita na megafoni, majirani wanajua siku ya chanjo, miye najua imeshapita.

Dada, megafoni haikuwazwa kwa ajili yako. Chukua ndugu anayejua ishara muende sentre de sante, muone IT (muuguzi mkuu wa pale), umuombe mesaji kwa simu na ikiwezekana reko mmoja atoke kwa viziwi wenyewe. Sheria ya Kongo ya watu wenye ulemavu iko tangu tarehe 3 Mei 2022, itaje bila haya.

Miye ni reko Mugunga. Mama wanaobeba mizigo hawaji mkutanoni, wenzangu wanasema hawajali afya.

Mkutano mnaweka saa ngapi? Saa tatu asubuhi, si ndiyo! Saa hiyo mama iko Kituku, kwenye boti zinafikia pwani ya ziwa Kivu, mgongo umepinda chini ya mzigo wa boti, asipobeba watoto hawali jioni, halafu mnasema hajali (hiyo inaniuzi kweli). Mufuate kwenye anapumzikia, na umuulize mbele ya kumufundisha. Angalia maji ya ziwa: pale pwani mtu wa klori anatia dawa kwa sindano ndani ya bidon, anasema ngoja nusu saa mbele ya kunywa. Anayebebea watu maji kwa pesa hawezi kusimama nusu saa, ataenda tu. Lakini mkikaa naye yeye ndiye atawaonyesha njia, kwamba anaweza kumuambia mteja kwa mlango saa ya kuanza kunywa. Nani mwingine kati yenu anafika kila mlango kila siku?

Reko analipwa?

Hapana, ni volontere, labda kidogo wakati wa kampeni. Ndiyo maana maskini kabisa hawadumu kwa hii kazi.

Nimewekwa ndani ya CODESA, komite ya raia ya eneo la afya, juu niko mjane. Kila kikao napiga makofi tu.

Mama, hiyo komite si ya mapambo. Tangu mkutano wa dunia wa afya wa Alma-Ata, 1978, inchi zilikubaliana kwamba raia wako na haki ya kushiriki kupanga huduma zao, kupanga kabisa, si kusikiliza mipango ya wengine. Omba ajenda mbele ya siku, kaa na wajane wenzako mchague jambo moja, kwa mfano bei ya kuzaa, ulisimamie hilo hilo. Wakikujibu "tutaona", waombe waandike kwa prosè-verbal (ripoti ya kikao) jina la atakayeona, na tarehe.