Muulize Fundi Silaha: Ganda lenye shingo si la SMG

SWALI: Kamwene Mzee, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Mafinga, napata kibarua cha kufyeka nyasi kwenye uwanja wa shabaha. Chini ya majani, karibu na mstari wanaposimama walengaji, nimeokota maganda ambayo hata wenye bastola zao hawayatambui. La kwanza ni fupi, urefu wake milimita 25 kwa rula, limebanwa shingo kama la bunduki, na kitakoni lina 38 juu na 50 chini. Wenzangu wanasema ni la SMG, yaani bunduki ya AK-47, lililokatwa. Ya pili ni ya shaba, yamenyooka, yana ukingo uliotokeza kitakoni. Yalikuwa sita mahali pamoja, na yameandikwa K 43 na .380 IIZ. Halafu ipo risasi nzima ya aina ile ya kwanza: fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ina alama ya kugongwa lakini kichwa hakijatoka. Nimeiweka kwenye kopo la misumari. Je, hivi ni vitu gani? – Mfyekaji, Mafinga

JIBU: Kamwene mwanangu, marahaba. Kabla ya hayo maganda, tuzungumze kuhusu hilo kopo, maana limeninyima raha tangu nisome barua yako.

Risasi iliyogongwa ikakataa kulipuka haijafa. Baruti imo, fataki imo, na pengine kilichokosekana ni nguvu kidogo tu ya pini. Sasa wewe umeiweka katikati ya misumari! Ncha ya msumari ikiigonga fataki itafanya kazi ile ile ya pini ya bastola. Na risasi ikilipukia nje ya mtutu, ganda ndilo hupasuka na vipande vyake huruka hadi machoni. Usilitikise kopo, usiimwage. Waweke watoto mbali, nenda kituo cha polisi ueleze ulivyoipata, nao waje waichukue. Hata sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haikuruhusu kukaa na risasi nzima bila kibali, iwe imeokotwa au imenunuliwa. Na yule mnunuzi wa vyuma chakavu asiione kabisa.

Haya, tuje kwenye ganda la kwanza. Wenzako wamedanganywa na shingo. Risasi ya SMG ina ganda la karibu milimita 39, na ukilikata libaki 25 utapata kikombe kilichonyooka, maana bega na shingo vyote viko kwenye sehemu uliyoitupa. Tena kitako hakikatwi. Kitako cha SMG kina upana wa zaidi ya milimita 11, na hiki chako, ukikipima, hakitafika hata 10. Hiyo ni risasi ya Tokarev, milimita 7.62 kwa 25, ya bastola ya Kisovieti TT-33, ile ile iliyoliwa pia na bunduki ya PPSh-41. Wachina waliiiga bastola hiyo wakaiita Aina ya 54. 38 ni namba ya kiwanda cha Yuryuzan, kwenye milima ya Ural, na 50 ni mwaka 1950. Huo ni mwaka wa kutengenezwa ganda, wala haukuambii lini lilipigwa. Risasi iliyotunzwa pakavu hukaa ghalani miongo mingi na bado ikalia.

Nduguye wa damu ni risasi ya bastola ya Mauser ya Kijerumani, ya milimita 7.63, ambayo ndiyo Warusi walianzia. Kwa jicho hutazitofautisha, hivyo hapo maandishi ya kitako ndiyo huamua. Nalisema hili kwa sababu yapo majumba yenye bastola ya Mauser ya babu sandukuni. Risasi ya Tokarev huingia humo, ila ina msukumo mkubwa kuliko chuma kile kilivyokusudiwa. Asijaribu mtu.

Risasi hizi za zamani zina tabia nyingine iliyotusumbua sana sisi wa ghala la silaha. Fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta maji. Kwa ukungu wetu wa Mufindi, bastola iliyopigwa jioni bila kuoshwa huamka na kutu. Vijana walikuwa wakinishangaa nikimimina maji ya moto kwenye mtutu: “Mzee, chuma na maji?” Ndiyo, maji kwanza, maana mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Ukishakausha vizuri ndipo upake mafuta.

Yale sita ya shaba ni ya rivolva, bastola yenye silinda ya matundu ya kuwekea risasi. Bastola ya magazini hutupa ganda moja moja, kwa kawaida upande wa kulia, yakatawanyika majanini. Rivolva ya Kiingereza hukunjwa katikati, ikamwaga yote sita kwa mkupuo pale pale miguuni, ndiyo maana umeyakuta yamelala pamoja. Ule ukingo nao ndio huyashika yasizame kwenye matundu yake. K ni Kynoch wa Birmingham, 43 ni mwaka 1943, na Z ni ishara ya aina ya baruti, naitroselulosi badala ya kodaiti. Zilipigwa na Enfield na Webley, silaha za jeshi la Uingereza na polisi wa makoloni yake. Kichwa chake ni kizito, gramu 11.5, lakini hakifiki mita 200 kwa sekunde, wakati kile cha Tokarev chenye gramu 5.5 hupita mita 400. Mtu akikuambia .380 ni ile ya bastola ndogo za mfukoni, mwonyeshe ukingo: ile ya mfukoni haina ukingo uliotokeza, na ganda lake ni milimita 17 tu.

Maganda yaliyokwisha kulia mkabidhi msimamizi wa uwanja, naye ataamua. Ukiona la milimita 9 ambalo alama ya pini kwenye fataki ni ya mstatili badala ya duara, usiniandikie barua. Hiyo ni Glock, bastola ya kisasa, na mwenyewe huenda alikuwepo juzi tu.