Barua kwa mwanangu: kuhusu yule kijana wa kikapu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mama yako hajambo, goti limetulia, na anauliza kama yale mablanketi yalifika.

Umeniuliza kama huyo pointi gadi wako wa mpira wa kikapu, anayeupandisha mpira na kuwagawia wenzake, wa kidato cha tatu, mwenye mita 1.60, umtie katika wale 12 wa mkoa wanaokwenda UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, au kimo kitamwangusha mbele ya warefu wa mikoa mingine. Umenieleza mbio zake ukurasa mzima. Lakini hukuniambia anafanya nini akinyang'anywa mpira. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwachosha kwa hilo wewe na kaka yako: mtazame akishapoteza mpira. Wenye mbio wapo kila shule. Mwingine akipoteza anamtazama refa, mwingine anakutazama wewe kocha. Wa kumtafuta ni yule ambaye ukimgeukia kumgombeza unakuta ameshafika chini ya goli lake.

Bogues, yule Mmarekani mfupi, usinitajie, maana nilikusimulia mimi mwenyewe. Alikuwa na mita 1.60 hiyohiyo, na akacheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, misimu 14. Lakini yule aliutumia ufupi: mpira ukidunda, mikono yake ndiyo iliyokuwa karibu nao kuliko ya mtu yeyote uwanjani. Wako je, anaiba mpira au anakimbia tu?

Mwaka 2009, Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, wewe ulikuwa darasa la sita. Mwaka uliofuata nilipewa kuchagua timu, na mimi nikashikwa na homa ya urefu kama wenzangu. Niliwapanga wanafunzi kwenye fremu ya mlango wa ofisi, nje, wote wakitazama, nikawapima kwa chaki. Alikuwepo kijana mmoja mdogo, mwepesi, pasi yake ya kudundisha inapita kati ya watu wawili kama uzi. Alipofika mlangoni niliona viatu vyake vimetuna. Nikamwambia avue. Ndani alikuwa amekunja kurasa za daftari, tabaka kwa tabaka, zimelowa jasho. Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Neema. Nikaandika "mfupi" mbele ya jina lake, nikamchukua senta, yule mrefu wa kusimama chini ya kikapu.

Yule senta hakuniangusha, nisimwonee. Alidaka ribaundi nyingi, ile mipira inayokosa kikapu na kurudi, na mechi ya kwanza tulishinda kwa ajili yake. Kwa hiyo siku nyingine huwa najiambia nilichagua sawa. Mechi ya pili tukabanwa uwanja mzima. Sekunde 8 tunazoruhusiwa zinakwisha mpira haujavuka nusu ya uwanja, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na pale benchi hakuna hata mmoja wa kuutoa mpira ule kwenye mikono ya watu. Nilijua ni nani angeutoa. Alikuwa nyumbani kwao.

Lakini na wewe huogopi bure. Mfupi akibaki na mrefu chini ya kikapu, pasi inapigwa juu ya kichwa chake, na mwenzake lazima aache mtu wake aje kumsaidia. Hapo ndipo ukuta unapobomoka, na hakuna moyo wa kupigana unaoziba sentimita 30. Kwa hiyo usimtazame peke yake, tazama na wanne watakaosimama naye. Tazama kama anajua kupunguza mwendo halafu akachomoka tena, maana mbio za mwendo mmoja beki anazizoea kabla ya mapumziko. Tazama mkono wa kushoto. Na akishanyang'anywa, mtazame hapo kuliko popote.

Unataka niseme mchukue au muache. Ulimi unaniwasha, na mama yako ananiambia niseme tu. Sisemi. Mimi sijamwona, na nikisema nitakuwa namjibia yule wa mlangoni, siyo huyu wako. Nenda kamwone mara moja tena, mechi ambayo timu yake inafungwa.

Na kama itakubidi umpime, mwite ofisini peke yake, ufunge mlango. Akija na viatu vimetuna, mpime navyo hivyohivyo.

Baba yako