Niko zahanati ya kijijini: mafunzo, fedha na utafiti nitavipataje?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni tabibu mwenye diploma, mwajiriwa wa halmashauri mkoani Kigoma. Nina miaka minne kazini na nimeshathibitishwa. Zahanati tupo watatu tu: mimi, muuguzi na mhudumu wa afya. Kwanza, nataka kusomea udaktari. Je, Bodi ya Mikopo itanisaidia? Pili, semina nyingi zinaishia wilayani, sisi wa ndani tunasikia tu kwamba zimefanyika. Kuna mafunzo gani ninayoweza kuyapata bila kuhama kituo? Tatu, wajawazito wengi hapa wanaanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Rejesta za miaka mitatu ninazo kabatini. Naweza kuzifanyia utafiti na kuuchapisha?

JIBU: Ndugu tabibu, nakujibu kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Utafiti ndio wenye gharama ndogo kati ya mambo yako matatu, na mtu mwenye takwimu zilizosafishwa ana cha kuonyesha anapoomba hayo mengine.

Fungua Kitabu cha MTUHA namba 6, yaani rejesta ya kliniki ya wajawazito, na uhesabu mahudhurio ya kwanza ya miezi 12. Tuseme umepata 210. Kanuni ya kukadiria asilimia kwa kosa lisilozidi 5 juu au chini inadai watu 384. Ukirekebisha kwa sababu unao 210 tu, inashuka hadi 136 hivi. Usihangaike kuchagua 136. Chukua wote 210, maana kazi ya kuchagua ni kubwa kuliko ya kuingiza mistari 74 iliyobaki, na hakuna atakayekuuliza uliwachaguaje.

Tengeneza jedwali la Excel, kila mama mstari mmoja. Safu zako ni namba ya utafiti, mwezi wa hudhurio la kwanza, umri wa mama, mimba ya ngapi, umri wa mimba kwa wiki, kitongoji, na kama mwenza alikuja. Jina lisiingie. Karatasi inayounganisha namba ya utafiti na namba ya rejesta ifungiwe kabatini, mbali na kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, hata kama kompyuta ni yako mwenyewe.

Safu ya umri wa mimba ndiyo itakayokusumbua. Muuguzi mmoja anaandika wiki, mwingine anaandika 5/12 akimaanisha miezi mitano. Ukiingiza 5 kama wiki, mama aliyechelewa anageuka kuwa aliyewahi kuliko wote. Kisha utaona namba zimejazana kwenye 12, 16, 20 na 24. Hiyo ni dalili kwamba kimo cha mji wa mimba kimekadiriwa kwa mkono na kufanywa namba nzima, wala hakikuhesabiwa kutoka tarehe ya hedhi ya mwisho. Tarehe yenyewe iko kwenye RCH 4, kadi ya kliniki ya mjamzito, na kadi mama ameondoka nayo. Huwezi kulirekebisha hilo kwa nyuma, ila lazima uliandike kama udhaifu wa utafiti. Kwa kuwa mpaka wako ni wiki 12, angalia wangapi wameandikiwa 12 kamili na uamue mapema, kabla ya kuona majibu, watahesabiwa upande gani.

Jihadhari pia na mama aliyehamia kutoka kituo kingine, ambaye wakati mwingine huandikwa kama hudhurio la kwanza kwa sababu kwako ni mgeni. Ukimaliza, mpe mwenzako mistari 20 aiingize upya bila kuona ya kwako, halafu mlinganishe. Tofauti zikizidi mbili tatu, rudia safu nzima, si hiyo mistari 20 peke yake.

Swali la utafiti liwe dogo: ni asilimia ngapi ya wanaohudhuria huanza kabla ya wiki 12, na je, umbali wa kitongoji au idadi ya mimba vinahusiana na kuchelewa? Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama akutane na mtoa huduma mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12, kwa hiyo kipimo cha kulinganisha unacho. Rejesta haitakuambia kwa nini wanachelewa. Hilo linahitaji kuwahoji, na kuwahoji ni utafiti mwingine wenye fomu za ridhaa. Na wale ambao hawakuja kabisa hawamo kitabuni, kwa hiyo usiandike "wajawazito wa kijiji". Andika "wajawazito waliohudhuria".

Vibali sasa, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukitumia takwimu hizo kuboresha huduma ya zahanati na kuzijadili kwenye kikao cha kituo au cha timu ya afya ya wilaya, hiyo ni kazi yako ya kila siku. Ukitaka kuchapisha, unahitaji kibali cha maadili kabla ya kuanza kukusanya. Kibali cha kurudi nyuma hakitolewi, na jarida lenye sifa litakuuliza namba yake. Kuwa mganga mfawidhi hakukupi haki ya kutumia rejesta kwa utafiti wako binafsi.

Kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Taasisi kama MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na ile ya utafiti wa afya ya Ifakara zina kamati zao pia. Andaa andiko la utafiti, fomu ya kukusanyia takwimu, wasifu wa watafiti, bajeti na ratiba, pamoja na barua ya taasisi inayokudhamini. Kuna ada, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Kibali huwa cha mwaka mmoja, kazi ikichelewa unaomba kuongezewa. Ukishakipata, fuata ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Na kabla ya kuchapisha, NIMR inataka uombe ruhusa ya kuchapisha, hatua ambayo watu huikumbuka makala ikiwa imeshakubaliwa.

Peke yako hutafika, nakuambia ukweli. Tafuta mtafiti mwenza aliyewahi kupitisha andiko. Kwa Kigoma, anza na kituo cha NIMR Tabora au mhadhiri wa chuo kikuu cha afya. Usimwandikie "naomba unisaidie utafiti." Mtumie ukurasa mmoja wenye swali, idadi ya kumbukumbu ulizo nazo, na jedwali la miezi mitatu ulilotengeneza kwa matumizi ya kituo, lenye jumla tu, lisilo na taarifa ya mama mmoja mmoja. Mkubaliane mapema na kwa maandishi nani atakuwa mwandishi wa kwanza. Hili likiachwa hadi mwisho, mwenye rejesta ndiye anayejikuta kwenye orodha ya shukrani.

Makala za kusoma unaweza kuzipata kupitia Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kulipia, ambao sehemu yake ya afya ni Hinari. Tanzania iko Kundi A, yaani taasisi husajiliwa bure. Inayosajiliwa ni taasisi, si mtu, kwa hiyo muulize katibu wa afya kama hospitali ya wilaya ina nywila. Kundi hilo hilo hukusaidia kuomba msamaha wa ada ya kuchapisha kwenye majarida mengi, lakini omba wakati wa kuwasilisha makala. Ikishakubaliwa, kwa kawaida umechelewa. Jarida linalokuandikia barua pepe lenyewe likikuita "mtaalamu mashuhuri" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku saba, liache lipite.

Tuje kwenye mafunzo. La kwanza la kuulizia wilayani ni la epidemiolojia ya uwandani, yaani kufuatilia magonjwa na milipuko, ngazi ya awali, chini ya TFELTP, programu ya kitaifa ya mafunzo hayo iliyoanza mwaka 2008. Ni miezi mitatu, na sehemu kubwa yake unabaki kazini: unakaa darasani siku chache, unarudi kituoni na kazi ya kufanya, unarudi tena kuiwasilisha. Utajifunza kukagua ubora wa takwimu, kuandika taarifa ya ufuatiliaji wa magonjwa na kuchunguza mlipuko. Jina lako hupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na awamu hutegemea fedha za wafadhili, kwa hiyo usisubiri tangazo. Peleka barua mapema, uambatishe uchambuzi wako wa rejesta. Anayeteua huangalia pia nani ataziba pengo, na ninyi mpo watatu. Andika kwenye barua muuguzi atashika nini na siku zipi.

Ngazi ya juu yake kwa mtu mwenye takwimu ni SORT IT, mafunzo ya kufanya utafiti kwa vitendo, yanayoratibiwa na TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki yenye makao yake Shirika la Afya Duniani. Huko unaingia na swali na takwimu zako, unapitia warsha kadhaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na mwisho unawasilisha makala kwenye jarida. Kila hatua ina tarehe, na asiyeifikia haendelei. Lugha ni Kiingereza cha kuandika, si cha kuzungumza tu, na hapo wengi wetu huanguka. Kujiandaa, pitia kozi ya bure ya utafiti wa utekelezaji ya TDR, na kozi ya kanuni bora za utafiti wa kitabibu, yaani GCP, iliyoko The Global Health Network, nayo bure na yenye cheti. Cheti cha GCP huombwa mara nyingi kwenye maombi ya kibali cha maadili.

Kuhusu semina za wilayani, nina neno moja ambalo halipendwi. Hospitali ya Haydom, Manyara, ilifanya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa. Watumishi walifanya vizuri kwenye mwanasesere, lakini chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Kwa hiyo, semina ikikupita, bado unaweza kuomba mwanasesere mmoja na mfuko wa kupumulia, ukae na muuguzi wako dakika tano kila wiki, mkipima kama mtoto ameanza kupuliziwa ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Weka daftari la tarehe na majina. Kama zoezi limeidhinishwa na msimamizi, ulizia kwenye baraza lako la taaluma jinsi linavyoweza kuhesabiwa kwenye pointi za kujiendeleza unapohuisha leseni.

Mwisho, fedha na udaktari. Bodi ya Mikopo haitakusaidia ukiwa mwajiriwa: masharti yake yanataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba, na asizidi miaka 35. Wapo wanaojaza fomu kana kwamba hawana kazi. Usijaribu, mshahara wa serikali unaonekana. Njia iliyobaki ni ruhusa ya masomo, ambayo inakuachia mshahara, nawe unatafuta ada. Mkopo wa benki unawezekana, ila makato hayaruhusiwi kukushusha chini ya theluthi moja ya mshahara, na udaktari ni miaka mitano darasani kabla ya mwaka wa mazoezi kwa vitendo. Piga hesabu ya miaka yote mitano, si ya muhula wa kwanza.

Kabla ya hesabu hiyo, toa cheti chako cha kidato cha nne. Vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, vya miaka ya karibuni kwa tabibu anayeomba udaktari ni wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0 kwenye diploma, pamoja na angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Fizikia ndiyo huwa kikwazo. Kama unayo F, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka huu, ukiwa bado kazini.

Ufadhili wa nje unaosikia, kama Chevening au Commonwealth, ni wa shahada ya uzamili na kuendelea. Bila shahada ya kwanza hauko kwenye mstari, usipoteze fedha kwa wakala anayekuambia vingine. Tahadhari nyingine: usichukue shahada yoyote kwa sababu tu ni rahisi kuipata. Kama haimo kwenye muundo wa utumishi wa kada unayoitaka, utarudi nayo na hutabadilishiwa kada wala mshahara.

Ruhusa yenyewe huanza kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango huandaliwa miezi kadhaa kabla, hivyo barua yako iwe kwa Mkurugenzi, kupitia Mganga Mkuu wa Wilaya, kabla ya mwaka wa kalenda kwisha. Taja kozi, chuo, muda, nani analipa, na nani atabaki zahanati. Wakati huo huo, kwenye mpango wa kituo unaoingizwa PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kaa na kamati ya usimamizi muombe mstari mdogo wa mafunzo ya kazini. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya huja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kisichoandikwa kwenye mpango hakilipiki.

Na usiondoke kabla barua ya ruhusa haijafika mkononi, hata kama chuo kimefungua. Kutokuwepo bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano kunatosha kukufungulia shauri la utoro. Ahirisha udahili, chuo kitakupokea mwaka unaofuata.