Kupunguza vitu Unguja: mitungi ya vioo iache, anza na sare

Mdogo wangu, nimesoma swali lako. Unasema unakaa Fuoni, mshahara wako na wa mumeo unakwisha kabla ya mwezi, chumba kizima kimegeuka stoo, na umevutiwa na zile video za watu wa nje wenye nyumba nyeupe, nguo chache kabatini na dengu zimepangwa kwenye mitungi ya vioo. Unauliza uanzie wapi, na kama uuze friji.

Mitungi ya vioo iache. Ukienda Darajani kununua mitungi ili uonekane huna vitu, vitu umeviongeza. Makopo ya maziwa ya unga unayo.

Kabla hujagusa kabati, chukua karatasi uandike pesa zako za mwaka uliopita zilikwenda wapi. Mimi nilipoandika zangu, baada ya chakula na ada za watoto kilichofuata kwa ukubwa hakikuwa duka wala simu. Ilikuwa sare. Sare ya kesha, sare ya siku ya harusi, sare ya bibi harusi kutolewa nje, na kila moja ina kitambaa chake, fundi wake, mtandio na viatu vya kwendana nayo. Unaivaa siku moja, halafu haivaliki tena kwa kuwa kila mtu kakuona nayo na picha zimeshazagaa. Baada ya sare yakafuata mapazia na kapeti za Idi, kisha vile vyombo vya wale akina mama wanaopita mlango kwa mlango: chukua leo, lipa kidogo kidogo. Seti za vikombe nilizozikuta kabatini zilikuwa za kukaribisha wageni ambao hawajawahi kuja.

Hapo ndipo zile video zinapotupoteza. Mle mtu anaamua peke yake, anafunga mlango wake, anagawa vitu vyake, basi kwisha. Kwetu nani anayenunua peke yake? Unanunua kwa sababu wifi atauliza, mama mkwe ataangalia, na jirani kashabadilisha mapazia. Ukiacha peke yako utaitwa bakhili, na mumeo ataambiwa hana kitu. Kwa hiyo ukitaka kuacha, acha na wenzako, na hiyo ni kazi ya maneno kabla haijawa kazi ya kusafisha stoo.

Sisi kwetu nilimfuata shangazi yangu mkubwa, yule ambaye akikaa kwenye kikao cha harusi hakuna anayesema baada yake. Habari za mazingira sikumweleza hata kidogo. Nilimwambia: "Shangazi, fulani na fulani hawaji tena shughulini. Wanasingizia kuumwa, kumbe hawana pesa ya sare." Hilo lilimchoma, maana kwa watu wa umri wake kukosekana kwa ndugu kwenye harusi ni jambo zito kuliko nguo. Kikao kilichofuata alisema mwenyewe: sare ni kanga, doti moja, harusi nzima. Ningesema mimi, lingekuwa ubakhili. Aliposema yeye, likawa la ukoo.

Na kanga haikuchaguliwa ovyo. Kwanza ni ya kutokea, ikipauka ni ya ndani, ikilainika ni mbeleko, kisha nepi, mwisho tambara la kupigia deki. Ile satini ya sare haifai hata kufutia meza, haifyonzi maji. Wapo walionung'unika, na binamu yangu mmoja kashona satini yake vilevile. Tumemwacha, kapendeza.

Mchezo nao, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, tuliutazama upya. Zamani zamu ikimfikia mtu, pesa zilikwenda kwenye makochi. Sasa kwenye mchezo wetu anayepokea anatangulia kusema anataka kufanyia nini, na akitaja tangi la maji, mtungi wa gesi au cherahani, wenzake wanampongeza. Akitaja makochi hakatazwi, ila ananyamaziwa kidogo. Usidharau kunyamaziwa na wanawake wa Unguja.

Sasa friji. Usiuze. Kama ulikuwa mdogo muulize mama yako habari ya Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja nzima ukakaa hivyo mpaka Machi 2010. Na mwaka uliotangulia, 2008, tulishakaa kiasi cha mwezi gizani. Waliokuwa na friza zimejaa waligawa au walitupa. Waliokuwa na pesa walinunua jenereta, usiku mtaa ukawa kelele na moshi. Sisi wengine tulirudi kununua samaki wa siku ileile, waliozidi tukawakausha wakawa ng'onda. Umeme uliporudi nilikuwa nimeshajua kipi hasa nilikikosa: taa, feni, na friji ndogo ya maji na dawa. Friza sikuikumbuka. Kwa hiyo baki na friji moja inayofanya kazi, na ikiharibika mwite fundi kwanza. Zile friji kuukuu zinazoletwa kwa makontena kutoka nje ni rahisi kununua, lakini nyingine zinakula umeme vibaya, utailipa bei yake tena na tena kwenye mita.

Kuna wale watakaokuambia urudi maisha ya bibi kila kitu. Mimi sikubali. Bibi alipikia kuni kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, na macho yake yalikuwa mekundu mpaka anakufa. Makaa tunayopikia Unguja, mengine yanavushwa kutoka bara na mengine yanatoka kwenye vichaka vyetu na mikoko, na kisiwa chetu hakina msitu wa kuchezea. Gesi kwangu ni bora, hata kama mtungi unauma mfuko siku ya kuujaza. Seredani, jiko la makaa, ninayo kwa maharage na kwa siku gesi inapokwisha, na moto wake nauanzisha kwa vifuu na makumbi ambayo watu wanayatupa jalalani bure.

Mfuko ni jambo jepesi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, bara wakafuata 2019, na bado kila ukienda sokoni kuna anayekutolea mfuko mweusi kutoka chini ya meza. Nenda na kikapu chako cha ukili, basi. Watalii wanavinunua Mji Mkongwe kwa bei ya kushangaza na kuvipandisha ndege, sisi tunaona aibu kwenda navyo sokoni Mwanakwerekwe! Vilevile maji: tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya ardhi, na masika inamwaga maji ya bure kwenye bati lako. Pipa moja chini ya mchirizi litakufulia nguo.

Chakula sitakuhubiria, ila futari ya muhogo, majimbi na shelisheli huilipii usafiri wa meli kama mchele wa mapembe unaotoka nje.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa, kama blenda inafaa kubaki. Kama inatengeneza juisi ya watoto, ibaki. Kwa tui mimi natumia mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu, kile kichujio cha kusuka, na watu wangu wanasema tui la kukunwa lina ladha zaidi, ingawa anayekuna ni mimi. Kifumbu nunua kwa wanaosuka wenyewe, chagua kilichosukwa kwa kubana, ukikitazama juani usione matundu makubwa. Ukimaliza kuchuja, kikung'ute machicha yote papo hapo, kioshe kwa maji matupu bila sabuni, ukianike juani. Ukikiacha usiku na machicha ndani kitachacha na tui la kesho litanuka. Machicha wape kuku, na kama hufugi, jirani anayefuga atakuletea yai.