Kumtafuta babu aliyekuwa rugaruga: anza na wazee

Ndugu yangu, umeuliza pa kuanzia kumtafuta babu mzaa babu, rugaruga aliyepigana upande wa Mjerumani huku Tabora, Vita vya Kwanza vya Dunia. Usikimbilie makaratasi. Rugaruga hakuwa askari wa kudumu. Aliitwa vita vilipokuja, mara nyingi chini ya mtemi wake, kwa hiyo ni nadra kulikuta jina lake kwenye orodha za jeshi. Na nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliungua huko Potsdam, Ujerumani, mwaka 1945.

Nenda kwa wazee ungali unao. Usiwaulize mwaka, watakukadiria tu. Uliza: alikuwepo Wabelgiji walipoingia Tabora mjini? Hiyo ni Septemba 19, 1916. Alibaki, au aliondoka na Wajerumani? Uliza pia jina la utani, na la kabla ya kusilimu kama alisilimu, maana mtu mmoja huweza kuonekana watu wawili. Mimi naamini shangazi wakubwa hukumbuka haya kuliko wanaume. Warekodi kwa simu, wiki hii kama unaweza.

Ukishajua mtemi na kijiji, ndipo uende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe mafaili ya wilaya.